Maji Yangu na Migomba ya Mzee Twagirayezu

Gisimenti, Kigali
27 Agosti 1990

Kwa Bwana Kagabo,
Mkuu wa Malipo, Ofisi ya Maji

Bwana Kagabo mheshimiwa,

Nakusalimu kwa adabu zote, ingawa mpaka leo tumejuana kwa njia ya bili tu.

Barua yangu ya kwanza kwako niliiandika kwa Kifaransa, ikarudi na muhuri. Ya pili niliiandika kwa Kinyarwanda, ikarudi na ushauri kwamba nivute subira. Sasa naandika kwa Kiswahili, lugha niliyosomea Tabora wakati marehemu baba yangu alipokuwa akifanya kazi ya reli, kwa sababu karani wako wa dirisha la pili ameninong'oneza kuwa wewe nawe ulilelewa Kigoma, na kwamba ukisomewa Kiswahili unalainika.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepanga vyumba viwili katika nyumba ya Mzee Twagirayezu. Tunaishi wawili: mimi, msahihishaji wa kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, na baba yangu mdogo Karangwa, aliyekuja mjini kutibiwa goti, akapona, akabaki. Bili mliyoniletea mwezi huu inazidi mshahara wangu wa miezi mitano. Mmeandika kuwa nisipolipa mtakata maji siku ya Ijumaa. Mzee Twagirayezu naye amesema kuwa mpangaji aliyekatiwa maji ananuka na hana haja ya chumba. Kwa hiyo Ijumaa nitakosa maji, na baada ya maji nitakosa mlango. Naomba unisome taratibu, maana malalamiko yangu yanashikana mikono.

1. Kwamba maji hayo hatukuyatumia. Baba mdogo Karangwa hanywi maji. Anasema maji ni ya ng'ombe na wagonjwa, na yeye, tangu goti lipone, si mgonjwa. Mimi naoga kwa ndoo moja. Jumapili iliyopita nilifunga koki zote, nikaenda misa, nikarudi, nikaikuta mita inazunguka peke yake kama bibi anayesali rozari. Msoma mita wenu, Bwana Rutayisire, aliitazama kwa mbali kwa kumwogopa mbwa wa jirani, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akaandika namba ileile. Lipo bomba linalovuja chini ya ardhi, mahali ambapo jicho halifiki. Nilimweleza Mzee Twagirayezu. Akanijibu kwa upole wa mwenye nyumba: "Mwanangu, maji hayana miguu. Yakipita kwenye mita yako, ni wewe uliyeyaita."

Jibu hilo nililifikiria siku nzima kazini, nikaacha makosa mawili katika kalenda ya watu. Mwishowe nimelikubali. Yote yanayofuata yanatokana nalo.

2. Kwamba migomba ya Mzee Twagirayezu ina afya isiyoelezeka. Nyuma ya chumba changu ardhi inateremka mpaka kwenye shamba lake. Kiangazi hiki kilima kizima kimekuwa rangi ya tofali. Migomba ya jirani yetu, Mama Nyiransabimana, imejikunja kama sigara. Ile ya Mzee imebeba mikungu mpaka imetegemezwa kwa miti, na wapita njia wanasimama kuitazama. Yeye anawaambia siri ni samadi na moyo safi. Majuzi alipeleka mkungu kanisani kutoa shukrani. Padri akausifu katika mahubiri, akatuhimiza tumwige Mzee Twagirayezu. Bwana Kagabo, maji yangu yametolewa sadaka mbele ya umati, nami nimekaa benchi la nyuma, wala sikuombewa.

Kama maji ni yangu kwa sababu niliyaita, basi mikungu nayo ni yangu, kwa sababu maji ndiyo yaliyoiita. Siombi ndizi. Naomba ofisi yako iikubali kanuni.

3. Hili nimelikata. Lilikuwa na maneno ambayo mtu aliyelelewa Kigoma hapaswi kuandikiwa.

4. Kuhusu Kaze, mtoto wa mwenye nyumba. Utaniwia radhi kama kifungu hiki ni kirefu. Kaze ni mpimaji ardhi. Ana chombo cha serikali chenye miguu mitatu. Mwaka jana alitumwa Kagugu kutafuta jiwe la mpaka lililozikwa kabla hajazaliwa, akalipata. Lakini bomba linalovuja katika ua wa baba yake mwenyewe, ua ambao mbuzi anauvuka bila kupumzika, limemshinda. Anakuja kila jioni nikiwa nasahihisha kurasa. Anapiga magoti, anaweka sikio chini, anafumba macho. Nikimuuliza anasikia nini, anasema, "Dada, redio yako inayafunika maji." Nikazima redio. Kesho yake akasema sasa anasikia kalamu yangu, na kwamba napiga mstari kwenye makosa ya watu kana kwamba ni nyoka.

Juzi alisimama chini ya dirisha langu. Viatu vyake vikazama kwenye matope mpaka kwenye kamba, mwezi wa Agosti. Nikamwonyesha matope. Akayatazama kwa makini ya kitaalamu, akasema ni umande, na kwamba sehemu hiyo kwa jumla ni kavu, ila itabidi aendelee kuichunguza. Aliichunguza mpaka maharage yakaiva, akala nasi. Baba mdogo Karangwa anampenda kwa sababu Kaze akila hasemi habari za goti.

Mimi si mtu wa kudhania. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, pengine kupita kiasi, na hitimisho ni moja. Kaze anajua bomba linavuja wapi, na anaficha ili migomba ya baba yake isikauke. Mtu mwenye akili hawezi kupata sababu nyingine.

5. Kuhusu pombe. Ndizi hizo zimekwisha kuivishwa na kukamuliwa. Harufu ya urwagwa inaingia dirishani, na baba mdogo amehamisha kiti chake ili aipokee vizuri. Mama Nyiransabimana ameniambia kuwa pombe hiyo si ya kuuza. Ni ya irembo, ile ambayo wazee wa kijana huipeleka langoni kwa wazee wa msichana. Mila hiyo mimi na wewe tuliokulia ugenini tumeijua ukubwani: wakiinywa, lango limefungwa kwa wachumba wengine, wakiirudisha, kijana akatafute kwingine. Mzee Twagirayezu anamposea Kaze. Nilimuuliza Mama Nyiransabimana msichana ni nani. Akasema ni binti mmoja aliyesoma mpaka akawa haoni kilicho mbele ya pua yake.

Namhurumia Kaze. Lakini zaidi naihurumia bili yangu. Tazama kanuni inapotufikisha. Maji ni yangu, ndizi ni zangu, pombe ni yangu. Ndoa itakayotokana na pombe hiyo je, ni ya nani? Ni mimi ninayemwoza Kaze, kwa msichana nisiyemjua, kwa mshahara wa msahihishaji. Kwa hiyo nadai kiti cha mbele siku ya arusi. Nadai kuulizwa mapema kama msichana mwenyewe anafaa, na nakutahadharisha kuwa sitaridhika kwa urahisi. Nadai ndama, yule ambaye kwa desturi hurudishwa kwa upande wa kijana baada ya ng'ombe wa mahari kuzaa, aletwe kwangu, ingawa sina pa kumfunga. Na mtoto wao wa kwanza nimpe jina mimi. Najua madai haya ni mazito. Hata bili ni nzito, na mliileta bila kuona haya.

6. Ombi langu la mwisho ni la sheria. Naomba ofisi yako itangaze kuwa kila atakayeonja pombe hiyo, awe mkwe, awe jirani, awe padri, amejifunga kuilipa bili hii. Udhuru usiwepo. Tone moja litoshe. Asiwepo wa kusema alionja kwa heshima tu, au kwamba aliwekewa mrija mdomoni. Siku hiyo karani wako akae langoni kwa huyo msichana, popote lilipo, awe anatazama midomo. Nina hakika kuwa hesabu itatimia kabla ya chungu kwisha, nanyi hamtakuwa na sababu ya kunikatia maji.

Nimekueleza yote bila chuki. Kama kuna neno limekuchoma, tafadhali lihesabu pamoja na maji: limepita kwangu, lakini lilikotoka sikujui.

Nisalimie makarani wote, hasa wa dirisha la pili. Nisalimie Bwana Rutayisire, umwambie mbwa wa jirani amefungwa, anaweza kuingia sasa. Nisalimie mama watoto na watoto, na wa Kigoma wote ukiwaandikia. Baba mdogo Karangwa anakusalimu pia. Anauliza kama mnakunywa mnachouza.

Mimi, mteja ambaye mita inamjua kuliko anavyojijua,

Gaudiose Mukagasana

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kuibandika bahasha. Nilitoka kununua stempu, nikarudi nikamkuta Mzee Twagirayezu sebuleni kwetu pamoja na wazee wawili waliovaa makoti, na chungu katikati. Lango walilolijia ni letu. Mzee alikuwa ameonja kwanza, kama ilivyo desturi, ili tujue haina sumu. Baba mdogo Karangwa alikuwa kwenye mrija kabla salamu hazijaisha. Walipomuuliza kama anaelewa pombe hiyo ni ya nini, alisema, "Naelewa. Na chungu cha pili kiko wapi?"

Kisha wakanigeuzia mrija mimi. Nilitazama nje. Kaze alikuwa amesimama chini ya dirisha, matope mpaka kwenye kamba za viatu, na safari hii hakuweka sikio chini. Nilikikumbuka kifungu cha 6. Nilikikumbuka neno kwa neno. Nikaonja.

Kwa sheria yangu mwenyewe, basi, bili ni yangu, na ya baba mdogo, na ya Mzee Twagirayezu. Mzee amesema atafika dirishani kwenu Alhamisi kuilipa yote, kwa sababu lango lililopokea pombe yake halikatiwi maji. Madai ya kifungu cha 5 nimeyafuta, isipokuwa kiti cha mbele, ambacho nimehakikishiwa nitakipata.

Fundi wa mabomba msimharakishe. Kaze anasema bado anachunguza, na kwamba chini ya dirisha langu ni pakavu. Nimepatazama tena kwa makini. Ule ni umande.