Vizibo vya Ulaya kwa Asali ya Marungu

Jumatatu, 3 Februari

Hatimaye! Ben, mhudumu wa baa katika loji moja ya mbugani, ameniletea gunia zima la vizibo vya chupa za mvinyo. Vya gome la mti, si plastiki. Watalii huvivuta kwa kizibuo, huvinusa, huvitupa. Watu wasiojua thamani ya kitu! Ameniletea na chupa tupu ishirini na nne.

Uchaguzi wa kikundi chetu cha wafuga nyuki wa Marungu ni tarehe 22. Mwenyekiti ni Geoffrey, nami nakigombea kiti chake. Miaka sita! Na katika miaka sita amebuni nini? Mkebe wa plastiki wenye mfuniko wa manjano. Asali safi inauzwa kama mafuta ya kujipaka. Mimi yangu itavaa kama mvinyo. Siku hiyo hiyo anakuja mnunuzi kutoka Mombasa, Bi. Mumbe. Akiziona chupa zangu, Geoffrey atarudi kuchunga mbuzi. Mbuzi wenyewe watasikitika.

Jumatano, 5 Februari

Vizibo havitaki kuingia. Nimesukuma kwa kiganja. Kwa goti. Kwa mchi. Viwili vimekatikia shingoni. Gertrude, mke wangu, anafundisha sayansi na hawezi kuiacha shuleni. Akasema nivichemshe. Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Sikuwa nimepanga.

Robo saa ndani ya sufuria, vikatoka laini kama muhogo. Vimeingia vyote! Vimeivimbia shingo ya chupa, hata tone halipenyi. Asali ya msimu mzima, mizinga yangu minane, iko ndani.

Gertrude akaongeza kwamba gome hilo kweli ni gumu kupitisha maji, lakini lililochemshwa likikauka hunywea tena, na kwamba vizibo vyangu vina matundu ya kizibuo. Walimu! Waalike harusini, watauliza kaburi liko wapi.

Alhamisi, 6 Februari

Chupa kumi na mbili nimezipeleka Voi, dukani kwa Mwanaesha. Nikazilaza ubavu kwenye rafu. Nimesoma kwenye simu: mvinyo hulazwa ili ulowanishe kizibo kisikauke. Mwanaesha akauliza, kwa ile sauti yake ya upole, iwapo asali nayo ina tabia hiyo. Nikacheka. Biashara ya miaka ishirini na hajui kulaza chupa.

Geoffrey alikuwapo, ananunua betri. Akaziangalia chupa zangu, akarudi kwenye betri zake. Wivu mtupu!

Jumanne, 11 Februari

Mwanaesha amepiga simu asubuhi. "Bwana Crispus, njoo uwachukue wageni wako."

Wageni ni sisimizi. Mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye rafu, kama waumini wanaokwenda kutoa sadaka. Nyuki dirishani. Asali kwenye mchele, kwenye sabuni, kwenye daftari zake za shule. Joto la Voi limevikausha vizibo, vikasinyaa. Kimoja nilikizungusha kwa kidole kikatoka chenyewe. Asali nayo haikulowanisha chochote. Imejipitia pembeni, polepole, kama karani wa ofisi anayetoroka kazini.

Nilitarajia matusi. Nilijiandaa. Mwanaesha akanipa ndoo na kitambaa.

"Anzia hapo kwenye mchele, kaka."

Nikiwa nimepiga magoti akaingia Geoffrey. Anataka betri. Tochi gani hiyo inayokula betri hivyo?

Jumatano, 12 Februari

Nimefikiri tangu alfajiri. Kosa si langu. Kosa ni la asali: nzito mno! Mvinyo hulowanisha kizibo kwa sababu ni majimaji. Basi chupa kumi na mbili zilizobaki nimezifungua, nimemimina kikombe cha maji katika kila moja, nikatikisa. Sasa inateleza vizuri. Vizibo nimevichemsha upya, nimevipigilia, nimevifunga kwa kamba ya mkonge. Kisha kila chupa nimeivisha kipande cha gunia kilicholowa. Nitazimwagia maji asubuhi na jioni. Havikauki tena ng'o!

Gertrude alisimama mlangoni. "Baba Cynthia, asali ikiingia maji huchacha. Hata nyuki wanajua. Wao huipepea kwa mabawa mpaka ikauke."

Nikamjibu kwamba nyuki wangekuwa na akili, wasingeibiwa kila msimu.

Jumanne, 18 Februari

Vizibo vimeota ukungu. Wa kijani, na mwingine mweupe wenye manyoya. Nimeukwangua kwa kisu na kupaka mafuta ya kupikia. Vinang'aa!

Na ndani ya chupa kuna viputo vidogo vinavyopanda kwenda juu. Vizuri ajabu. Kama vinywaji vya matajiri. Geoffrey hana viputo.

Jumamosi, 22 Februari

Ukumbi wa kanisa, saa nane mchana, mabati yanachoma. Wanachama thelathini na mmoja. Bi. Mumbe mstari wa mbele, blauzi nyeupe. Geoffrey akapanga mikebe yake na kuketi. Hana hotuba! Mimi nilikuwa nayo, kurasa nne. Nilipofika ya pili nikakata kamba za chupa, ili zionekane kwa uzuri wake wote.

Ya kwanza ikatulia.

Ya pili, pa! Kizibo kikagonga mabati, kikaangukia daftari la katibu wetu, Lois, aliyekuwa akiandika neno "ubora". Cha tatu kikamkuta Geoffrey kwenye paji la uso. Hicho pekee kilijua kazi yake. Chupa nyingine zikafuata bila kungoja zamu, povu likapanda, blauzi ya Bi. Mumbe ikageuka rangi ya chai.

Akajifuta. Akaonja kwa ncha ya kidole.

"Mzee, hii si asali. Hii ni pombe. Na ina manyoya."

Pombe, ndani ya kanisa! Kina mama wakafunga macho. Nyuma kabisa Mzee Elijah, aliyesinzia tangu sala ya kufungua, akauliza kama imebaki.

Kura ya mikono. Geoffrey ishirini na nane. Yeye mwenyewe hakupiga. Mimi: mkono wangu, na Elijah, aliyeinua yote miwili wakamhesabia mmoja. Bi. Mumbe akachukua mikebe yote ya Geoffrey na kuagiza mingine.

Kisha Geoffrey akasimama, paji limevimba, akaomba nibakizwe kwenye kamati kwa sababu nina bidii. Wakampigia makofi. Huruma! Afadhali angenitukana, ningejua pa kushika.

Gertrude alibeba kitambaa cha meza kilicholowa pombe mpaka nyumbani. Nami, mizinga minane, sina hata kijiko cha asali cha kutia kwenye chai yake.

Jumatatu, 24 Februari

Gertrude ameuliza, bila ukali, nimejifunza nini. Nikamwambia: tusiamini miti ya Ulaya. Gome lisiloweza kuamua kama linataka kulowa au kukauka si gome la mtu makini.

Lakini leo, karibu na stesheni, nimekutana na bahati! Mkandarasi anatupa mifuko kumi na moja ya saruji. Bomba lilipasuka juu yake, ikaganda. Anaitoa bure! Mafundi pale wanasema saruji ikishanywa maji ndiyo basi. Mafundi! Kwani jiwe halisagiki? Nitaisaga kwenye mashine ya mahindi ya Kavinya, iwe unga upya, nimjengee Gertrude tangi la maji ambalo Marungu nzima haijaona.

Nimemweleza. Ameketi chini palepale, amefunika uso kwa mikono, mabega yanatetemeka. Sijamwona na furaha kama hii tangu harusi yetu.