Jinsi Fundi Saa Alivyoutia Giza Ukurasa wa Mama Mkwe

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na hata mwenye moja zima. Aliyeshika kazi aiweke chini na mwenye usingizi akanawe uso, maana nasimulia vita visivyomwaga damu na ushindi ambao wafalme wengi walikufa bila kuupata: nasimulia jinsi Fundi Saa, mfufua mishale iliyolala, bwana wa skrubu zisizoonekana, mume wa mke mmoja na mkwe wa mama mmoja, alivyokitiisha kivinjari cha kompyuta sebuleni kwake, mchana wa siku ya mapumziko, akiwa amevaa kandambili.

Na wewe mtandao, mwenye kuja unapotaka na kuondoka bila kuaga, tulia hapo hapo mpaka nimalize.

Chanzo cha vita kilikuwa macho. Mama mkwe wake Fundi, mshonaji aliyestaafu, ulimi wembe na moyo pamba, alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho, akaja kupumzika kwa binti yake. Daktari alimruhusu kusoma atakavyo, ila aepuke mwanga mkali. Naye alikuwa na kipenzi chake: hadithi ya mjane na mpiga picha, iliyokuwa ikitoka mtandaoni sura baada ya sura. Kila alipoufungua ukurasa ule, weupe ulimrukia usoni, macho yakabubujika kama kuna msiba. Ikabidi binti yake amsomee.

Hapo ndipo palipokuwa pabaya. Binti ni mwalimu wa hesabu, tena mwenye haya. Alipofika mahali ambapo mjane anaegemea bega la mtu, alikohoa, akaruka aya kadhaa, akatua penye habari za mvua.

"Mbona wameingia ndani jioni, na sasa wanakunywa chai ya asubuhi?" mama aliuliza.

"Ndivyo mwandishi alivyoandika, mama."

"Usiku wameufanyia nini?"

"Wamelala."

"Mwandishi mvivu huyo."

Basi siku hiyo ikatoka sura ya mwisho. Na shoga yake mama, mwanamke asiyeweza kukaa na siri hata kwa muda wa kuchemsha yai, alikuwa ameshaisoma, akaahidi kupiga simu jioni ili waizungumze. Mama akamwita mkwewe.

"Baba, leo nataka nisome mwenyewe, kwa macho yangu, nisirukiwe hata nukta. Shoga akiniwahi, atanimwagia mwisho wote kama maji ya kufulia. Wewe unafufua saa zilizokufa. Mwanga huu utakushinda?"

Fundi Saa akasimama. Akavuta pumzi ndefu, akatazama mbali, ingawa ukuta ulikuwa karibu.

"Mama," akanena, "mkono huu umeingia ndani ya saa ndogo kuliko kunguni, ukatoka na heshima yangu. Kivinjari ni nani mbele yangu? Kabla chai yako haijapoa, ukurasa huo utavaa giza tulivu kama kivuli cha adhuhuri."

"Haya. Chai ndiyo hiyo, imeshaanza kupoa."

Akaketi mbele ya kompyuta. Lakini tazameni mtego. Ukurasa ulikuwa wazi pale pale, na mstari wa juu kabisa ulibeba neno "busu". Mkwe na mama mkwe, chumba kimoja, neno la namna hiyo kati yao: ardhi haikupasuka, ila ilifikiria. Fundi akachomoa leso yake ya mfukoni, akaibana juu ya kioo kwa vibanio vya nguo, ikafunika hadithi yote, ukabaki wazi ukanda wa juu tu wenye vitufe. Kila alipokwenda kwenye maktaba ya nyongeza za kivinjari aliipandisha, na kila aliporudi kwenye hadithi aliishusha, kama pazia la jukwaa. Heshima ilisalimika. Lakini jemedari alikuwa amejifunga macho mwenyewe.

Akaanza na mandhari, yaani mavazi ambayo mwenye kivinjari hukichagulia. Akapita mekundu, akapita ya maua, akayakataa ya paka, akachagua meusi yenye nyota. Ukanda wa juu ukawa mweusi kama mkaa.

"Mama, chungulia."

Mama akainua pembe ya leso, akairudisha haraka, machozi yakimtiririka.

"Umepaka rangi fremu ya dirisha, baba. Jua linaingia vile vile."

Na kweli, mandhari huvisha kivinjari chenyewe tu. Kurasa za watu haizigusi. Fundi akakubali pigo hilo kiume, akageukia nyongeza, vile viprogramu vidogo vinavyopachikwa ili kivinjari kijue kazi ambayo hakikuzaliwa nayo. Akapata moja iliyoapa kugeuza rangi za kila ukurasa, nyeupe iwe nyeusi, nyeusi iwe nyeupe. Akaipachika.

Mwingine angerudi kwenye hadithi kutazama matokeo. Lakini saa hiyo mama alikuwa amejilaza chali, matone ya dawa machoni, amri ni asifumbue. Na Fundi, kwa ajili ya lile neno, asingethubutu kuchungulia. Akatafakari. Karakanani kwake hakuna mkanda wa saa uliowahi kushikwa na pini moja. "Askari mmoja si doria," akasema, na pale pale kwenye maktaba akapachika nyongeza ya pili, yenye kiapo kile kile.

"Fumbua sasa, mama."

"Kweupe."

"Kweupe vipi?"

"Kama ulivyokuacha. Pengine zaidi."

Hapo vita vikachachamaa. Fundi akazizima nyongeza zote mbili kwa pamoja, akaziwasha zote mbili kwa pamoja. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akaleta nyongeza ya kunenepesha herufi, akaleta na ya kufukuza matangazo, na mama akawa anatoa taarifa kutoka nyuma ya leso: "Herufi zimeshiba. Lile tangazo la magodoro limekimbia. Weupe upo."

Simu ikalia. Mama akaitazama kama mtu aliyeona nyoka kizingitini.

"Ni shoga. Kaniwahi."

"Usipokee, mama."

"Nisipopokea atakuja mwenyewe. Anakaa mtaa wa pili, na miguu yake haina mtoto wa jicho."

Simu ikalia mpaka ikachoka. Jasho likamtoka Fundi Saa. Ndipo mkewe akaingia na beseni la nguo kavu, akasimama, akaitazama leso, akamtazama mumewe.

"Fundi, hizo nyongeza za kugeuza rangi umeweka ngapi?"

"Mbili. Moja ikichoka, nyingine ishike zamu."

Mke akachukua shati lililogeuka ndani nje. "Nikiligeuza hili linakaa sawa, si ndiyo? Na wewe ukija ukaligeuza tena baada yangu?"

"Linarudi ndani nje," Fundi akanena, akaigeukia kompyuta.

"Halafu kwa nini hukujaribia ukurasa mwingine, usiohitaji leso?"

"Ukurasa mwingine," akajibu kwa utulivu mkubwa, "haukuwa vitani."

Akainua kidole. Kidole kile kile kilichowahi kuamsha saa ya ukutani iliyokataa mafundi wa mji mzima, kikashuka juu ya kitufe na kuizima nyongeza moja. Na leso, iliyokuwa ikiangaza kama taa ya chumba cha upasuaji, ikafifia. Mama akachungulia. Akachungulia tena. Akang'oa vibanio.

"Kweusi," akasema polepole. "Maneno yametulia kama shanga juu ya kitambaa."

Akaikumbatia kompyuta, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango.

Simu ikalia tena. Fundi Saa akaipokea kama mlinzi wa lango.

"Mama hapatikani. Yuko sura ya mwisho."

"Anasomewa na nani?" shoga akauliza.

"Anasoma mwenyewe."

"Mwenyewe? Basi mwambie akifika pale ambapo yule bwana anamvua—"

"Samahani mama, mtandao unasumbua," akasema Fundi, akakata.

Muda ukapita. Mlango ukafunguka. Mama akatoka, macho makavu, uso wa mtu aliyerudi safari na habari.

"Kumbe alimpenda tangu sura ya nne."

Binti akazidi kukunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Mwalimu mzima wa hesabu," mama akaendelea, "kutwa kucha unatoa tu. Kujumlisha hukufundishwa?"

"Mama, mimi niliona…"

"Niletee chai nyingine, ya moto. Narudi sura ya kwanza."

Akamgeukia mkwewe, akamwinamishia kichwa kidogo, kama wafanyavyo wakuu wanapokutana na wakuu wenzao, akaingia ndani.

Basi wenye kalamu waandike, na wasio nazo wakariri, wajukuu wasije wakadanganywa kwamba dunia ilikuwa hivi tangu zamani: ilikuwa siku hiyo, jua halijatua, ambapo Fundi Saa aliizima nyongeza moja kati ya mbili, na mwanamke mmoja akayasoma mapenzi yote, neno kwa neno, mlango umefungwa.