Kumchora Mama Mkwe

Jumamosi, 4 Machi

Nimejiandikisha darasa la kuchora. Ukumbi wa maktaba, saa nne asubuhi, Jumamosi tatu mfululizo. Sababu ni mama mkwe. Tarehe 19 anatimiza miaka sabini, na wiki iliyopita nilitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba nitamzawadia picha yake, niliyoichora kwa mkono wangu. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema. Kosa ni la shemeji, kaka wa mke wangu. Alikuwa ametoka kujigamba kwamba ataleta saa ya ukutani yenye kengele. Ningekaa kimya?

Sina wasiwasi. Mimi ni kinyozi. Miaka ishirini na miwili natazama vichwa, asubuhi hadi jioni. Nani anavijua kunizidi?

Mwalimu ni mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alipandisha kiti juu ya meza, akasema tuchore tunachokiona. Nikamaliza kwa dakika nne. Wa kwanza darasani! Akaja, akaniuliza kutoka pale nilipokaa naona miguu mingapi ya kiti. Nikamwambia kiti kina miguu minne. Akasema hakuuliza hivyo. Nikahesabu. Mitatu. Wa nne ulijificha nyuma ya mwenzake, lakini upo, mimi naujua. Akasema hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo: nachora ninachokijua.

Jirani yangu, fundi cherehani mmoja mpole, hakuchora kiti kabisa. Alichora nafasi zilizo kati ya miguu, kiti kikajitokeza chenyewe. Ujanja mtupu. Wiki ijayo nakaa nyuma yake nimwibie.

Jumatatu, 6 Machi

Kazi ya nyumbani: kuchora bila kutazama karatasi. Jicho litambae polepole ukingoni mwa kitu kama sisimizi, penseli ifuate. Nimeona nisipoteze muda wa nyumbani, wakati vichwa vinakuja vyenyewe saluni. Akaketi mwalimu mkuu mstaafu. Mashine mkono wa kulia, penseli wa kushoto, karatasi nimeibandika kando ya kioo. Jicho likatambaa. Kisogoni, juu ya sikio, hadi kwenye paji. Lilitambaa vizuri ajabu. Tatizo, mashine nayo ilitambaa nalo.

"Fundi, hii barabara inaelekea wapi?" akauliza, akijipapasa.

Nikamwambia ni mtindo mpya. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi. Ilibidi nimnyoe kipara. Ameondoka na kofia yangu. Mchoro wenyewe unafanana na kiazi.

Jumatano, 8 Machi

Mbinu mpya. Nimechomoa picha ya mama mkwe kwenye albamu ya mke wangu, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, karatasi juu yake. Jua likamulika kutoka nje, kila kitu kikaonekana: pua, mdomo, kitambaa cha kichwa. Nikafuatisha mistari. Dakika ishirini tu! Shemeji akajitundike mwenyewe ukutani na saa yake.

Nikamwonyesha mke wangu. Akasema nimemchora vizuri sana mama mdogo.

Nikauliza mama mdogo yupi. Akasema mdogo wake mama, huyo wa kwenye picha, kwani nilidhani ni nani? Nikajitetea kwamba ndugu hufanana. Akasema hao hawafanani hata ukucha.

"Miaka kumi na tisa unakula naye kila Jumapili," akasema. "Hebu niambie, uso wa mama ni wa duara au mrefu?"

Nikasema ni wa kawaida. Hakucheka. Akairudisha picha kwenye albamu, akatoka kuanua nguo. Alizikunja zote, hata zilizokuwa bado mbichi. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 11 Machi

Nimekaa nyuma ya fundi cherehani kama nilivyopanga. Mwalimu akatugawia picha ya mzee fulani, ikiwa kichwa chini miguu juu, akasema tuinakili hivyo hivyo. Mgongo wa fundi cherehani ulikuwa mpana kuliko nilivyokumbuka. Sikuona mchoro wake hata kidogo. Nikalazimika kutazama picha yenyewe. Sikujua nachora nini. Mstari huu unapinda, ule unakatiza, hapa pana kivuli chenye umbo la kijiko. Tulipogeuza karatasi, mtu! Mtu mzima, na suruali yenye mikunjo! Mwalimu akasema leo nimeona. Fundi cherehani akanipigia makofi, nikamwonea haya kidogo.

Siri nimeijua. Mama mkwe lazima awe kichwa chini.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima ya kurudi nyumbani. Haliwezekani. Basi nitageuka mimi.

Jumapili, 12 Machi

Kwa mama mkwe, kama kila Jumapili. Shikamoo yangu haikuitikiwa, kama kila Jumapili. Hanipendi, nimeshazoea.

Nikasingizia mgongo, nikalala kwenye kochi, miguu juu ya egemeo, kichwa kikining'inia, daftari kifuani. Yeye alikuwa dirishani akishona vifungo. Nilianza vizuri. Kisha damu yote ikashuka kichwani, masikio yakavuma. Shemeji akaingia, akanitazama, akawauliza wenyeji kama nimekata roho au bado.

"Kama unataka kunichora, keti kwenye kiti kama watu," mama mkwe akasema bila kuinua macho.

Nikaketi. Ujanja ulikuwa umeniishia, nikatazama. Saa nzima. Sijui niliandikeje hili. Uso wake ni mrefu. Chini ya jicho la kushoto pana mkunjo mmoja, chini ya la kulia mitatu. Kila mke wangu alipoongea kutoka jikoni, shingo ya mama mkwe iligeuka kidogo, sikio la kulia likatangulia, kidevu kikafuata. Nikaichora hivyo, imeinama upande. Nikasahau kwamba shemeji yupo. Nikasahau hata kulalamikia mgongo.

Nimefika nyumbani na kuona nimekosea. Nani ana shingo pinda namna hii? Nitaifuta niinyooshe.

Jumamosi, 18 Machi

Mwalimu amenifumania na kifutio. Akauliza kama mama hakukaa vile. Nikasema alikaa vile, lakini haipendezi. Akakichukua kifutio, akakitia mfukoni mwa gauni lake, akaenda zake kwa mwanafunzi mwingine. Nikamwomba fundi cherehani chake. Akasema amepoteza. Nilikiona mezani kwake, chini ya kiwiko!

Itabidi picha iende ilivyo.

Jumapili, 19 Machi

Sherehe. Saa ya shemeji ilitundikwa kwanza, ikashangiliwa. Kisha picha yangu. Shemeji akasema nimemvunja mama shingo, watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga.

Mke wangu akasimama nyuma yake. Akaitazama picha, akamtazama mama, akarudi kwenye picha.

"Mama," akauliza taratibu, "mbona unatega sikio hivi?"

Mama mkwe akasema sikio la kushoto lilikufa zamani, kwa homa ile ya mwaka aliofariki baba yao. Hakutaka kuwa mzigo wa mtu, wala kuzungushwa kwa madaktari. Alidhani anaficha vizuri. Shemeji alishusha sahani yake chini. Mke wangu akapiga magoti akamshika mama mkono, akasema kesho wanakwenda hospitali, na si ombi.

Mezani mimi hukaa kushoto kwake. Miaka kumi na tisa! Shikamoo zangu zote zilikuwa zinaingia kwenye ukuta. Mama mkwe akanigusa begani, akaonyesha kiti cha upande wa pili.

"Hamia huku, mwanangu. Nikusikie."

Nikahamia. Nikamwamkia upya. Akaitikia marahaba kwa sauti, wote wakasikia. Macho yaliniwasha kidogo. Itakuwa vumbi.

Jumatatu, 20 Machi

Mwalimu amepita saluni kuuliza kama nitaendelea na darasa mwezi ujao. Nimemshukuru, nikamweleza kwamba jicho likishafunguka limefunguka. Kukodoa macho saa nzima ni kwa wanaoanza. Akanitazama kupitia juu ya miwani, akanitakia kila la heri.

Leo nimemchora shemeji, aone uchungu vizuri. Kutoka kichwani, bila picha, bila yeye mwenyewe, dakika sita. Nimtazame wa nini? Namjua.

Mke wangu amepita akitoka hospitali na mama. Amekuta mchoro kwenye meza ya mashine. Akauliza masharubu yako wapi.

Masharubu gani?

Anadai shemeji anayo tangu kabla hatujaoana, na kwamba mimi mwenyewe ndiye ninayempunguzia kila mwezi, kwenye kiti hiki hiki. Haiwezekani. Atakuwa ameyafuga juzi, makusudi, ili aniharibie picha.