Kabati la Droo Ishirini na Sita na Akina Bwambale Wote

Yayeri Kezironi,
Nyumba ya nyuma ya ghala,
Bwera.
14 Agosti, 1969

Kwa Katibu,
Ushirika wa Kahawa wa Vijito Saba,
Bwera.

Ndugu Katibu Semakula,

Kwanza pokea salamu zangu, na pole kwa kidole kilichobanwa na droo ya M. Mimi ni Yayeri, mjane wa Kezironi, aliyekuwa karani wenu kwa miaka kumi na mmoja hadi alipofariki Machi. Yule aliyeweka penseli nyuma ya sikio kisha akaitafuta ofisi nzima. Naandika kwa heshima kuomba mambo mawili kabla ya Jumamosi. Kabati la chuma la kutunzia kadi za wanachama, mlilolinunua Kampala, lirudishwe. Na vile vikapu saba alivyotunzia kadi marehemu, ambavyo kamati imeamua kuvichoma siku hiyo, viangikwe tena mahali pake. Sababu zangu nimezipa namba, kwa kuwa kamati sasa inapenda mpangilio.

1. Kuhusu namna kabati lilivyopimwa. Nilikuwepo, nikigawa chai. Mwakilishi wa kampuni alikuja na kadi zake mwenyewe za mfano, ishirini na sita, kila herufi na Mzungu wake. Akasema, "Nitajieni jina lolote." Mwenyekiti akamtaja Bwana Young. Kufumba na kufumbua, Bwana Young huyo hapa mkononi! Tulipiga makofi, hata mimi, chai ikamwagika. Kisha Afande Omara wa kituo cha polisi, aliyealikwa kama mtaalamu wa kufuli, akalipiga kabati mateke mawili na kusema, "Hii chuma mzuri. Nunua." Mkanunua. Hakuna aliyeuliza kama Bwana Young analima kahawa Ihandiro.

2. Kuhusu majina yetu. Wewe umetoka Masaka, hatukulaumu, lakini wanakamati wengine wamezaliwa hapa hapa. Kwetu Wakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule; wasichana nao ni Masika, Biira, Kabugho, na kuendelea. Jina la ubatizo wengi huliacha kanisani. Kwa hiyo wanachama wenu mia tisa wamesongamana katika droo nne, na droo ishirini na moja hazina mtu. Jumatatu ulipoita dirishani "Bwambale!" walisogea wanaume arobaini na mmoja, Mwenyekiti akiwa mmojawao. Ikabidi Afande Omara aitwe tena. "Bwambale yote, kushoto! Hapana sukuma!" Bomba la dawa la Bwambale wa Karambi likapewa Bwambale wa Kisinga, naye hataki kulirudisha, kwa kuwa, anasema, kadi haiwezi kusema uongo.

Aliyepatikana upesi ni mmoja tu, Anastasie, yule mama wa Butembo, Kongo, aliyekodi shamba huku upande wetu wa mpaka. Sasa sokoni hatukai kwa amani. "Miye niko peke yangu mu droo, sawa malkia! Ninyi muko munabanana sawa samaki ndagala!"

3. Kuhusu dawa mliyoitafuta. Nasikia kamati, kwa kuzionea haya droo tupu, imemwomba katekista awashauri wazazi wachague majina ya herufi zilizobaki. Wiki iliyopita amebatizwa Xaveria, mjukuu wa jirani yangu Alisi. Bibi yake bado hajaweza kulitamka, anamwita "Wewe." Ndugu Katibu, kama njia ni hii, tuifuate mpaka mwisho. Ubatizo hautatosha, maana nyumbani mtoto huyo atabaki Biira. Inafaa ushirika uwaandikie akina mama wote wa mlimani kwamba, kwa kuwa droo ya B imejaa, wasizae tena mvulana wa kwanza wala wa pili mpaka mtakapotangaza nafasi. Waanzie wa tano, ambaye ni Thembo, kwani nimechungulia nikaona T bado ina nafasi kidogo. Mimi na marehemu hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo katika hili hatujalisumbua kabati.

4. Kuhusu vikapu. Kezironi hakuwapanga watu kwa herufi, aliwapanga kwa maji wanayokunywa. Kila kijito kilikuwa na kikapu chake, na kila kadi ilikuwa na alama ya mwenyewe: Bwambale wa ng'ombe mwenye mguu mbovu, Bwambale ambaye mama yake huuza chumvi ya Katwe, Biira mwenye pengo na kicheko. Mtu akiuliza, alijibiwa kabla hajamaliza. Swali likiwa gumu sana marehemu alisema, "Rudi kesho," na kesho jibu lilikuwepo. Alikuwa hodari hivyo kwa sababu alifanya mazoezi. Jioni nikisonga bundu, ugali wetu wa muhogo, alizipitia kumbukumbu zake kwa sauti: "Yayeri, yule Kule aliyeazima bomba siku ya mvua ya mawe, ni wa kijito cha Lubiriha au cha Nyamugasani?" Nami nilikuwa namjibu, ili asijione anaongea peke yake. Kichwa kama kile hakiuzwi Kampala.

5. Kuhusu kitabu cha maelekezo. Ukurasa wa tisa unasema kadi za waliofariki ziondolewe ili kupunguza msongamano. Alhamisi iliyopita nikaletewa kadi ya mume wangu ndani ya bahasha. Nashukuru kwamba bahasha ilikuwa mpya. Yeye naye kwa kuzaliwa ni Masereka, lakini katika akina Masereka mia mbili na sita waliojazana humo, kumbe aliyekuwa akiwasukuma wenzake ni yule aliyekwisha kuondoka. Kwenye vikapu, mtu akifa, Kezironi aliigeuza tu kadi yake ikatazama nyuma. Alisema iko siku mtoto wa huyo mtu atakuja kuuliza baba yake alilima wapi. Mengine yote ningeyavumilia, Ndugu Katibu. Vikapu vikichomwa, ofisini hapatabaki hata karatasi moja yenye mwandiko wake.

Kwa sababu hizo tano naomba kabati lirudi lilikotoka, likawahudumie akina Young.

Nisalimie Mwenyekiti, na umwambie kadi yake ni ile yenye doa la chai. Msalimie Afande Omara na mguu wake. Wasalimie akina Bwambale wote, kila mmoja kwa kijito chake.

Ni mimi, niliye jirani yenu ukuta kwa ukuta,

Yayeri Kezironi

Baada ya kutia sahihi: Nilipokuwa natafuta stempu katika koti la marehemu, ambalo bado linanuka kahawa, nimekuta nakala ya barua aliyoiandika Januari kwa kampuni ile ile ya Kampala. Nainakili kama ilivyo: "Tunaomba kabati la kadi, kubwa kuliko yote mliyo nayo. Mimi karani ni msahaulifu. Kumbukumbu za ushirika huu zimo kichwani mwa mke wangu, nami humwuliza jioni kwa ujanja ili asijue. Siku akitangulia yeye, tumekwisha." Basi msilirudishe kabati, alilichagua mwenyewe. Vikapu msivichome, ila vishusheni, nitavichukua. Jumatatu asubuhi nitakuja na kiti changu: wewe utafungua droo, mimi nitakwambia ni Bwambale yupi. Kadi ya marehemu nairudisha pamoja na barua hii, ndani ya bahasha ile ile. Mwekeni droo ya X, pamoja na yule mtoto. Humo hakuna msongamano.