Malalamiko Dhidi ya Mwanamke Anayemshika Simba Taya

Kwa Wifi yangu, Mfunua Karata,
Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta nami.

Wifi,

Nakuandikia kwa sababu tukizungumza utacheka, ukicheka nami nitacheka, na jambo lenyewe litapotea.

Nalalamikia karata moja tu kati ya zako sabini na nane za kutabiria, ile uiitayo Nguvu: mwanamke wa gauni jeupe na maua kichwani, ameinama, mikono miwili kwenye taya la simba. Unawaambia watu maana yake ni kwamba maumivu hayapigwi vita, hubembelezwa. Mimi ni daktari wa meno, wifi, na wateja wetu wanakaa benchi moja. Basi:

1. Mwezi huu watu arobaini na mmoja wamekaa kwenye benchi hilo wakinisubiri. Kumi na saba waliinuka kabla sijawaita, wakatabasamu upande mmoja, maana wa pili umevimba, wakaenda nyumbani kubembeleza magego. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara ameanza kuliimbia lake. Anadai linaitikia.

2. Mwanamke huyo hana glavu. Hana kioo, hana taa, hana koleo. Mimi nilianza na kiti cha kinyozi chenye mguu mmoja mbovu, lakini glavu nilivaa.

3. Anafungua au anafunga? Nimekuuliza mara tatu. Jumatatu ulisema anafungua, Jumatano anafunga, juzi ukasema, "Inategemea, wifi, na moyo wa anayeuliza." Kama anafungua, anamkagua mgonjwa, na hiyo ni kazi yangu. Kama anafunga, anamzuia mgonjwa asitibiwe, na hilo ni kosa. Mdomo hauna njia ya tatu.

4. Simba mzima ana meno thelathini. Nimeikagua karata yako kwa lenzi dakika ishirini: ulimi upo, meno sifuri. Yako wapi? Hayakudondoka yenyewe yote thelathini! Kuna mtu alipita kabla ya huyo mama wa maua, akayang'oa moja moja, kwa ganzi na kwa subira, akanawa mikono, akaondoka bila kuchorwa. Huyo ndiye mwenye nguvu. Mwenzangu kadhulumiwa mchana kweupe. Kubembeleza fizi tupu, hata mimi ningevaa maua.

5. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Mama. Gego la chini kushoto, leo siku ya kumi na moja, shavu kama ameficha limau. Ulimfunulia karata hiyo Jumapili, na tangu hapo anajipapasa akisema, "Tulia simba wangu, tulia." Nikimsogelea na kioo ananiambia, "Mkwe wangu, wewe una haraka. Mwenzio ana maua." Wifi, usaha haujui maua. Ukishuka shingoni hatutakuwa tena tunabishana juu ya picha. Kaka yako chakula hakipiti akimwona anavyotafuna.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, karata hiyo itolewe mpaka Mama apone. Ikirudi, irudi na daktari wa meno pembeni, amekunja mikono ya koti, simba akimtazama kwa shukrani. Na ile alama kama nane iliyolala, iliyochorwa juu ya kichwa cha mwanamke, isimamishwe wima, ili mgonjwa ajue miadi ni saa nane.

Nisalimie shemeji, watoto wote watatu (wa kati apunguze peremende), na yule paka anayelala juu ya karata zako.

Nabaki na uchungu usiotibika kwa kupapaswa,

Wifi yako, Daktari wa Meno,
Chumba cha kwanza.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha Mama akaingia bila hodi, karata mkononi, akakaa kitini mwenyewe. "Mkwe wangu," kasema, "nimeitazama tena. Mwenye maua si mimi. Simba ndiye mimi. Haya, njoo unishike." Akafungua mdomo, wifi! Siku kumi na moja! Nikapiga ganzi, nikasubiri ishike, nikatia koleo, moja mbili tatu nne, likatoka. Kanguruma kidogo na kuning'ata kidole gumba. Sasa kajilaza, anacheka kwa upande mmoja. Karata nimeibandika ukutani mbele ya kiti, usije kuidai. Na hapa benchini wapo sita wanatetemeka. Tafadhali sana, waanzie kwako.