Shingo ya Nuria Ambayo Sijaiona

Jumatatu, 6 Mei 1957

Mvua tangu alfajiri. Baraza ya duka la Mzee Alamin inavuja upande wangu tu. Upande wa Khaemba mkavu kabisa. Mimi fundi cherehani wa hapa miaka tisa, yeye minne, na maji yananijua mimi!

Habari kubwa. Mzee Alamin katuita sote wawili. Binti yake Nuria anaolewa Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Anataka gauni jeupe la satini, la kuvaa siku ya akina mama peke yao. Mzee akasema satini si shida, shida ni shingo ya gauni. Wanawake wa nyumbani wanagombana siku ya tatu sasa: huyu anataka mviringo, huyu V, huyu mraba. Kwa hiyo kila fundi ashone kiolezo cha shingo kwa marekani, kitambaa cha bei rahisi, akilete Alhamisi, Nuria akijaribu, wao wachague kinachompendeza. Mshindi atashona gauni. Tena atahamishia cherehani yake ndani, kwenye dirisha jipya la vioo! Aliyeshindwa atabaki barazani upande unaovuja, maana upande mkavu utawekwa madebe ya mafuta ya taa.

Dirisha! Mtaa mzima wa Bondeni upite unione nikishona, nguo kavu, miguu mikavu. Nalitaka dirisha hili kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Shangazi Safiyo, dada yake Mzee, akatuletea vipimo. Nyumba ile mwanamume hampimi mwanamke. Unaletewa uzi wenye mafundo: fundo la bega, la kifua, la mzunguko wa shingo. Basi. Urefu wa shingo haumo. Nikamwuliza Shangazi shingo ya Nuria ikoje. Akasema ni shingo, imeshika kichwa. Mimi Nuria sijamwona hata siku moja bila buibui, na miaka tisa nimekaa mlangoni kwa baba yake.

Jioni Awuor, mke wa Khaemba, akaniletea chai. Akasema, shemeji, kesho naingia kule ndani kumwangalia bibi harusi kwa ajili ya mume wangu, nikuangalizie na wewe? Nikamshukuru, nikakataa. Mke wa mshindani wangu anipe habari za kweli? Mimi si mtoto. Chai nikanywa.

Jumanne, 7 Mei

Kitabu changu cha mitindo nilipewa na mama mmoja wa Kizungu kule Njoro, nilipomrekebishia mapazia. Panya wamekula nusu. Bahati nzuri ukurasa wa shingo umebaki, isipokuwa pembe ya chini. Shingo fupi: kata V, ngozi ionekane, shingo irefuke. Shingo ndefu: funika kwa kola ya kusimama. Shingo ya kawaida: hapo ndipo walipokula panya.

Nikaamua kumchunguza Bashir, kaka yake Nuria, anayeuza dukani. Nikamtazama mbele. Nikamtazama ubavuni. Hana shingo! Kichwa kimekaa mabegani moja kwa moja. Masikini Nuria. Nikamwomba ainue kidevu. Akaniuliza kama nina wazimu au nimeanza kazi ya kinyozi. Nikarudi kwenye cherehani nikakata V ya inchi saba.

Alasiri nikaingiwa na shaka. Kama dada mtu kafuata upande wa mama? V ya inchi saba kwenye shingo ndefu, watu wataona shingo tu, hawataona bibi harusi. Lazima nijue. Nikapata akili, na nasema mwenyewe kwamba ni akili ya hali ya juu.

Nikaenda sokoni kwa Wangui, muuza shanga. Nikachukua uzi mmoja mrefu wa shanga nene nyekundu. Wangui hakukubali kuniazima hivi hivi. Akasema anazijua ahadi za mafundi, akachukua mkasi wangu uwe rehani mpaka shanga zirudi. Nikampelekea Shangazi Safiyo. Nikamwambia kwa upole kwamba nataka kujua nakshi ya kola: zizungushwe shingoni, kuanzia chini mpaka kidevuni, kisha aniambie zimezunguka mara ngapi. Jina la Nuria sikulitaja, kwa heshima. Shangazi akazitazama shanga muda mrefu. Akasema, fundi Miraji, kumbe una adabu.

Jumatano, 8 Mei

Jibu limefika. Mara tisa! Mimi mwenyewe nimejipima kwa kamba ya unene ule ule, sikupita mara tano. Tisa! V nikaitupa kwenye matope, nikaanza kola ya kusimama: inchi nne na nusu, ngumu, vifungo kumi na viwili nyuma.

Mkasi sina. Nikaomba wa Khaemba. Akanipa hapo hapo, akauliza kama nahitaji na pini. Alitaka kuona ninachokata, hilo liko wazi. Nikakata nimempa mgongo, uso wangu kwenye mvua.

Yeye anashona mviringo, chini kidogo ya koo, na lesi nyembamba ukingoni. Ndiyo basi! Mviringo kama wa mtoto wa shule. Awuor alimwambia eti inatosha. Nilimwonea huruma, kweli kabisa.

Alhamisi, 9 Mei

Sijui nianzie wapi.

Tulisimama uani kwa Mzee Alamin, wanawake ndani, pazia katikati. Kiolezo cha Khaemba kikaingia kwanza. Minong'ono ya kuridhika. Kikaingia changu. Kimya. Halafu kicheko. Halafu kicheko kingine kikubwa zaidi. Halafu vigelegele! Nikamshika Khaemba bega, nikamwambia asivunjike moyo, bado ni kijana.

Pazia likafunguliwa. Akatoka Shangazi Safiyo, kola yangu shingoni mwake juu ya buibui, imemkaa barabara. Chini ya kola, shanga nyekundu. Shanga zangu!

Nikaelewa polepole sana. Shanga hazikumfikia Nuria kabisa. Shangazi alidhani namwuliza habari zake yeye. Akajizungushia mwenyewe, akahesabu mwenyewe, akaniletea jibu. Akaniambia mbele ya watu wote kwamba tangu marehemu mumewe afariki hakuna mtu aliyemwuliza habari ya shingo yake. Ungesema nini hapo? Nikasema ni wajibu wangu.

Na Nuria? Mzee Alamin akanieleza bila kutabasamu. Kola ilimfika masikioni. Aliweza kuona, lakini hakuweza kuitikia salamu. Shingo yake si ndefu, si fupi. Ni ya kawaida. Ya kawaida! Wale panya!

Mviringo wa Khaemba ndio uliochaguliwa. Dirisha ni lake. Niliumia. Niliumia mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Awuor akaniletea ugali na samaki, akasema pole, shemeji. Nikamwambia sina hamu ya kula. Nikaonja kidogo. Nikamaliza sahani.

Jumapili, 26 Mei

Harusi imepita jana. Sikuona kitu, mwanamume haingii siku ile. Nilikaa barazani peke yangu na madebe ya mafuta, maji yakinitiririkia mgongoni, nikisikiliza ngoma ya akina mama kwa mbali. Khaemba alikuwa dirishani, mkavu. Alinipungia mkono. Sikumpungia.

Awuor alitoka na habari zote. Nuria alipendeza mpaka mama yake akalia. Lakini Shangazi Safiyo! Aliingia na satini ya kijani aliyoniagiza nimshonee baada ya siku ile ya violezo, kola ya kusimama, kichwa juu, hageuki kushoto wala kulia kwa sababu kola haimruhusu. Akina mama wakamzunguka. Wakati wa biriani, bibi harusi alikaa dakika kadhaa bila mtu wa kumtazama. Mabibi watatu wazima wameulizia kola ile. Mzee Alamin hakufurahi.

Shanga bado anazo Shangazi. Nilipozitaja, akanijibu kwamba zawadi hairudishwi. Kwa hiyo mkasi wangu uko kwa Wangui. Nilipita sokoni nikamkuta anakatia kabichi.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua.

Mzee Alamin katuita tena. Binti wa pili, Hadiya, ameposwa na kijana wa Naivasha, harusi baada ya Idd ya kuchinja. Na hapo Khaemba akafanya jambo la ajabu. Akamwambia Mzee kwamba dirisha ni pana, cherehani mbili zinaingia, na mimi ni fundi mzuri nikipata vipimo sawasawa. Mzee akafikiri, akavuta ndevu. Akasema sawa: gauni la Hadiya nipewe mimi. Nikiipatia shingo, niingie ndani nikae na mwenzangu. Nikiikosa, nisimwulize tena habari ya dirisha.

Nilitaka kulia kwa furaha. Nikajizuia, maana sijui Khaemba anataka nini.

Saa kumi Awuor akaja na chai. Akasema kesho anaingia ndani kuwasalimia, atamwona Hadiya bila buibui, na safari hii ataniangalizia shingo yake kwa hisani yake tu, hata nisipomwomba. Nikasimama. Nikamwambia shemeji, asante sana, usijisumbue hata kidogo, nikiisikia habari hiyo kutoka kwako nitaziba masikio. Watu hawa wawili wananiona mjinga! Chai nikanywa.

Mpango ninao tayari. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa shanga. Safari hii ni hereni, zile ndefu. Zikigusa bega, shingo ni fupi. Zikining'inia bila kugusa, ni ndefu. Hakuna njia ya kukosea. Zitapita kwa Shangazi Safiyo, maana yeye sasa amekwisha kuzoea.

Kesho asubuhi na mapema nakwenda kwa Wangui. Atataka rehani nyingine. Nitampa pasi. Habari ya mkasi hainisumbui, ninao wa Khaemba.