Maji ya Mchicha ya Melkiory

Melkiory alipomwona Joviana, mama ntilie wa Nyaishozi, akimwaga nyuma ya kibanda sufuria zima la maji ya mchicha, roho ilimuuma. Si kwamba anapenda mchicha. Mboga za majani aliziacha kwa mama yake. Ila asubuhi ile redio ilikuwa imesema kwamba ukichemsha mboga mpaka zikalegea, vitamini nyingi hukimbilia kwenye maji, na huyu mama anainywesha migomba.

"Dada, hayo usimwage. Nina nguruwe wangu."

"Chukua," alisema Joviana. "Na ndoo urudishe."

Nguruwe hana, na hajawahi kuwa naye. Jumamosi alisimama kwenye gulio la Bweranyange, shati jeupe, chupa za maji ya kijani zimepangwa mbele yake, akihubiri utadhani kapewa parokia.

"Mama zangu, mnakula makapi. Mnachemsha saa nzima, mnamwaga uhai, mnatafuna majani matupu. Tena bila mafuta kidogo, bila limao. Tumbo litafyonza nini hapo?"

Ajabu ni kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anasema kweli, au jirani na kweli, na wala hakujishtukia. Chupa zikaisha.

Nestory, mnunuzi wa kahawa kutoka Muleba, akamvuta pembeni. Alishaona atakavyoziuza Bukoba kwa bei ya kufuru.

"Kijana, nioneshe unakoyatoa, uniachie biashara yote. Pikipiki yangu ile pale itakuwa yako."

Melkiory aliitazama. Miaka yote amepanda vilima vile kwa miguu, mara nyingine akifukuzwa, na magoti yalikuwa yamechoka na kazi hii ya utapeli. Aliitaka pikipiki ile.

"Tajiri, unanionea," alisema, "lakini sawa."

Wiki iliyofuata wakaingia pamoja kwa Joviana, Nestory kashika funguo mkononi.

"Dada, tumefuata yale maji."

"Maji gani tena? Simwagi siku hizi." Joviana akafunua sufuria. Mchicha ulikuwa bado kijani kibichi, umeiva kwa maji yake wenyewe, karanga za kusaga juu. "Shangazi alikusikia Bweranyange. Anasema umetufungua macho. Hapa wote tunapika hivi sasa, hata malimao yameadimika. Nguruwe wako watusamehe."

"Nguruwe?" aliuliza Nestory, na Melkiory akamvutia kiti.

Nestory akakaa. Akala sahani moja, akaongeza ya pili, akikamua limao. Alipofuta mdomo, biashara ya chupa ilikuwa imeshamtoka kichwani.

"Mama, vibarua wangu wa kahawa wako huko mlimani. Unaweza kuwapikia chakula hiki kila siku?"

"Kupika naweza. Kuwafikishia ndiyo shida."

Nestory akamsukumia funguo juu ya meza. "Tumia pikipiki yangu. Tafuta tu mtu wa kuiendesha."

Sasa kila mchana Melkiory anapanda vilima juu ya pikipiki aliyoitaka, ndoo za mchicha zimefungwa nyuma, na Joviana amempiga marufuku kuongea na wateja.